Jaribio la Quatermass: Maneno Yaliyosalia na Mchezo Uliopotea

Madhumuni ya insha hii ni kutazama mchezo mmoja wa televisheni wa Uingereza, na kwa njia yake kuuliza swali limhusulo kila mchunguzi wa fasihi: je, andiko la mchezo laweza kusimama badala ya mchezo wenyewe? Mchezo huo ni The Quatermass Experiment, hadithi ya kubuni juu ya mambo ya sayansi, iliyotungwa na Nigel Kneale na kuongozwa na Rudolph Cartier. Shirika la BBC liliutangaza kwa sehemu sita, kila Jumamosi usiku, tangu tarehe 18 Julai hata tarehe 22 Agosti, 1953.

Yafaa kwanza tumjue mwongozaji. Cartier alizaliwa Vienna mwaka 1904. Alianza kusomea usanifu wa majengo, kisha akageukia uigizaji chini ya Max Reinhardt, halafu akafanya kazi ya filamu katika kampuni ya UFA, Berlin. Wanazi waliposhika utawala mwaka 1933, yeye aliyekuwa Myahudi aliiacha Ujerumani, na mwaka 1935 akafika Uingereza. Mama yake aliuawa katika maangamizi ya Wayahudi. Alipoingia BBC mwaka 1952, alimweleza Michael Barry, mkuu wa idara ya michezo, kwamba televisheni yahitaji maandiko mapya. Kneale, aliyezaliwa mwaka 1922 na kulelewa katika Kisiwa cha Man, alikuwa miongoni mwa watungaji wa kwanza walioajiriwa kwa kazi hiyo.

Hadithi yenyewe ni hii. Profesa Bernard Quatermass arusha roketi yenye watu watatu. Roketi yarudi na mmoja tu, Victor Carroon. Wenziwe wametoweka, mavazi yao matupu. Pole pole Carroon ageuka kiumbe kama mmea, na ndani yake mna nafsi za wote watatu. Jina la Quatermass Kneale alilipata katika kitabu cha simu cha London, na la Bernard alilitwaa kwa Bernard Lovell, mtaalamu wa nyota.

Mchezo ulichezwa papo hapo katika studio za Alexandra Palace, kwa vyombo vya tangu siku za kuanzishwa kwa televisheni hapo mwaka 1936. Gharama za sehemu zote sita hazikufika paundi 4,000. Dubwana la mwisho, lililoonekana ndani ya kanisa la Westminster Abbey, lilikuwa mikono ya Kneale mwenyewe ndani ya glavu zilizofunikwa majani, ikipenyezwa katika picha kubwa ya kanisa. Judith Kerr, aliyekuwa mchumba wake, alisaidia kulitengeneza.

Kwa mtazamo wa lugha, tukio hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Quatermass aingia kanisani peke yake. Hatumii bunduki wala moto, bali asema. Awaita wale watu watatu waliomezwa, na kuusihi ubinadamu uliobaki ndani yao umpinge yule aliyewameza. Wasikia, wakubali kufa, na dubwana lafa pamoja nao. Basi ushindi wote wategemea usemi: sauti, kituo, na uso wa msemaji uletwao karibu na mtazamaji.

Lakini sehemu hiyo haipo. Kuhifadhi mchezo wakati ule kulikuwa ni kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni. Sehemu mbili za kwanza zilinakiliwa hivyo. Ubora wake haukuridhisha, na katika ya pili mdudu aliyetua juu ya kioo aonekana akitambaa mbele ya waigizaji. Kazi ikaachwa. Sehemu nne zilizofuata zilitoweka zilipokwisha kuchezwa, na pamoja nazo hotuba ya Reginald Tate, aliyeigiza Quatermass na kufariki mwaka 1955.

Mfano wa pili wazidi kutufunza. Tarehe 12 Desemba, 1954, Kneale na Cartier walitoa Nineteen Eighty-Four, wakazusha mabishano yaliyofika Bungeni. Waigizaji walikusanyika tena na kuucheza upya tarehe 16 Desemba. Mchezo uliosalia ni huo wa pili. Ule uliozusha mabishano hatunao.

Maandiko ya Quatermass yalichapishwa na Penguin mwaka 1959, na mwaka 2005 BBC iliucheza mchezo huo upya, tena papo hapo, kwa waigizaji wengine. Kwa hiyo kazi ya Kneale yaweza kusomwa na kuchezwa tena. Kazi ya Cartier haina karatasi ya kuitetea, na hatari yake ni kwamba mwanahistoria humpa mtungaji sifa yote, kwa kuwa ushahidi wa mtungaji ndio uliomfikia mkononi. Wasomaji wa jarida hili, waliozoea kutofautisha muswada wa utenzi na usomaji wake kwa sauti, wataitambua hatari hiyo. Andiko latuambia Quatermass alisema nini kanisani. Namna alivyosema, hata watazamaji wakadiriwao milioni 5 wakasikiliza majumbani mwao, ilikuwa nusu ya kazi, na mwongozaji ndiye aliyeifanya. Haki yataka tuihesabu nusu hiyo hata pale tusipoweza kuiona.