Ubora wa data katika biashara: Pa kuanzia

Kosa la tarakimu moja katika nambari ya simu laweza kupeleka malipo ya mkulima kwa mtu mwingine. Hata hivyo, chama cha ushirika cha maziwa kinachotaka kunyoosha rekodi zake hakina haja ya kukimbilia programu mpya ya kompyuta. Kwanza, huteua maelezo machache ambayo yakikosewa huleta hasara: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kilo za maziwa yaliyopokelewa.

Pili, hupima. Rekodi 100 huchaguliwa bila mapendeleo, zikalinganishwa na stakabadhi na kuthibitishwa na wanachama wenyewe. Idadi ya makosa yatakayopatikana ndiyo itakayoonyesha baadaye iwapo kuna maendeleo.

Tatu, kila aina ya rekodi hukabidhiwa afisa mmoja wa kuiwajibikia, nalo kosa huzuiwa linakozaliwa, yaani pale karani anapoandika. Kusafisha sajili pekee ni kuteka maji kwa pakacha.

Nchini Kenya, jukumu hili si la hiari. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka habari za watu binafsi ziwe sahihi, na zenye makosa zirekebishwe au kufutwa bila kuchelewa.