Dawa ya Maradhi ya Kutetemeka na Safari Yake Mpaka Kwetu

Maradhi haya si mageni duniani. Ibn Sina aliandika habari za ra'sha, yaani kutetemeka, katika Al-Qanun fi al-Tibb, yapata miaka elfu iliyopita. Jina la Parkinson latokana na tabibu wa London, James Parkinson, aliyeyaeleza maradhi haya mwaka 1817. Lakini dawa ilikawia mno. Mwaka 1961 matabibu wa Vienna, Birkmayer na Hornykiewicz, waliijaribu levodopa. Na mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, akaonyesha ya kwamba kiasi chake kikiongezwa kidogo kidogo, mtu aliyekakamaa aweza kuinuka akatembea. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani likaitia katika orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima.

Ya lazima, naam. Lakini nani aipata?

Katika wilaya ya Hai, Tanzania, matabibu walitafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu 161,071. Wakapata 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamepata kuambiwa na tabibu yeyote jina la ugonjwa wao. Na mtu atanunuaje dawa ya maradhi asiyoyajua? Kwa ndugu zetu wa Buganda kutetemeka huku hudhaniwa kuwa buko, adhabu ya kuvunja mwiko wa ukwe, hata wagonjwa na jamaa zao wakaunda chama na kukiita Si Buko. Fedha ya vidonge mara nyingi hutangulia kwa mganga, na mganga hairudishi.

Sasa tutazame kwetu Lobule, iliyokuwa chini ya Arua mpaka Koboko ikawa wilaya mwaka 2005. Ada za matibabu ziliondolewa katika vituo vya serikali mwaka 2001, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kutibiwa bure si sawa na dawa kuwamo kabatini. Tena hii si dawa ya siku tatu kama ya malaria. Humezwa mara kadhaa kila siku, maisha yote, na kuikata ghafula ni hatari. Kwa hiyo jamaa hawahesabu bei ya vidonge tu, bali na nauli ya kwenda Arua, na ya mtu wa kumshika mzee garini, kila akiba inapokwisha.

Wako wanaouliza habari za upupu, mmea ule ule uwashao. Ni kweli: mbegu zake zina levodopa. Mwaka 2017 matabibu walitangaza ya kwamba unga wake uliwasaidia wagonjwa 18 huko Bolivia. Lakini katika jaribio la wiki 16 lililofuata, nusu ya wagonjwa 14 waliuacha, wengine kwa kuchafukwa na tumbo, wengine kwa mwendo wao kuzidi kuharibika. Basi asile mtu upupu wa shambani kwa kukisia kipimo, wala asiache vidonge vyake kwa ajili yake.