Kazi Isiyopimwa na Mtihani: Wahitimu Wapya na Stadi Laini Mpakani Busia na Tororo

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia idara ya forodha kwamba mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie tena nchini, kwa kuwa vipimo vilionyesha sumukuvu iliyopita kiwango salama. Wakati huo mizigo ilikuwa njiani. Wenye mahindi walikuwa na mikopo ya kulipa, madereva walikuwa na posho ya siku za kuhesabu, na nafaka yenyewe haivumilii kukaa sana chini ya turubai. Siku chache baadaye katazo lililegezwa kwa masharti: mwagizaji ajisajili, aeleze mahindi yametoka wapi, na awe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni.

Ilibidi pawe na mtu wa kulieleza jambo hilo. Mtu wa kumwambia mfanyabiashara aliyenunua gunia kwa gunia huko Tororo au Mbale nchini Uganda kwamba mahindi anayoyaona meupe na makavu yanaweza kuwa na sumu isiyoonekana, kwamba kipimo kina gharama, na kwamba leo hatavuka. Katika mji wa mpakani kazi hiyo humwangukia aliye kaunta: karani wa wakala wa forodha, msaidizi wa maabara, afisa wa biashara wa kaunti au wilaya. Wengi wao ni vijana waliotoka chuoni juzi. Sheria wanaijua. Namna ya kumpa mtu mzima habari ya hasara bila kumvunjia heshima, wakabaki wanaelewana kesho atakaporudi na cheti, hawakufundishwa na mtu.

Makala hii inadai kwamba stadi hizo, ambazo kwa kawaida huitwa stadi laini, ni sehemu ya utaalamu wenyewe. Kusikiliza, kueleza, kustahimili hasira ya mteja, kuaminika, kushika muda, kuelewana na mwenzako wa lugha nyingine: mpakani, asiyeyaweza haya hajaimudu kazi, hata awe na shahada ya daraja la kwanza. Kwa sababu hiyo, mahali pa kuyafundisha ni penye kazi, na wa kuyapima ni wale wanaoifanya.

Busia ni mji mmoja uliogawanywa na mpaka, nusu Kenya na nusu Uganda. Mnamo Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua hapo Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani. Utaratibu wake ni rahisi kuusimulia: gari linalovuka halisimami mara mbili, linasimama upande linakoingia tu, na maofisa wa nchi zote mbili hulishughulikia wakiwa chini ya paa moja. Lakini paa moja halifuti tofauti za waliomo ndani yake. Uganda ina mfumo wake wa kompyuta wa forodha na Kenya ina wake. Mishahara ni tofauti, wakubwa ni tofauti, hata namna ya kuandika barua ni tofauti. Ukaguzi wa pamoja hufanikiwa pale ofisa wa upande mmoja anapoweza kuinuka, akamwendea mwenzake na kumuuliza swali bila kumfanya ajione anatuhumiwa. Mtandao ukikatika, na hukatika, hakuna kinginecho cha kutegemea.

Ugumu huonekana zaidi kwa wafanyabiashara wadogo. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachotolewa palepale mpakani. Kwa aliyesoma, sentensi hiyo haina fumbo. Kwa mama mwenye mzigo wa mitumba ina mitego mitatu. Mitumba haikuzalishwa Afrika Mashariki, hata kama ameinunua sokoni Kampala. Msamaha ni wa ushuru wa forodha, kodi nyingine za ndani zinaweza kubaki palepale. Na kama ana mazao ya shambani, mkaguzi wa afya ya mimea ana neno lake pia. Akiambiwa kwa mkato, "Soma tangazo ukutani," atainua mzigo wake na kushika njia za panya, ambako hatatakiwa cheti ila anaweza kunyang'anywa mali au kunyanyaswa. Serikali itakosa kodi na takwimu. Lugha mbaya ya kaunta ina gharama ya fedha, na inashangaza kwamba mijadala ya biashara ya kikanda huiweka mwishoni kabisa, baada ya barabara, mizani na kompyuta.

Suala la lugha linahitaji kuangaliwa kidogo. Katika ukanda huu husikika Kiteso, Kisamia, Dhopadhola, Kiluhya, Kijaluo, Kiganda, Kiswahili na Kiingereza. Mhitimu kutoka upande wa Kenya hudhani Kiswahili kinamfaa kila mtu. Upande wa Uganda, kwa kizazi kilichopitia miaka ya Idi Amin na vita vilivyofuata, Kiswahili kilisikika zaidi kutoka kinywani mwa askari, na kumbukumbu hiyo haijafutika yote, ingawa katiba ya nchi ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005 na baraza la mawaziri likaagiza mwaka 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima. Kijana mwerevu husalimu kwanza, husubiri ajibiwe kwa lugha gani, kisha hufuata. Humwita mkubwa wake mzee au mama kabla ya kumwomba nyaraka. Hayo yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayoamua kama mwenye mzigo ataeleza ukweli wa alichobeba.

Na kuna kitu kidogo, au chai kama wengine wanavyoiita. Chuo humfundisha mwanafunzi kwamba hongo ni kosa la jinai, jambo ambalo alilijua kabla ya kufika chuoni. Kigumu ni kuikataa mbele ya mtu utakayekutana naye kila siku, pengine jirani au ndugu wa mama yako, na kuikataa mapema, kwa sauti ya kawaida, bila kumwaibisha, huku ukimwonyesha njia halali ya kumaliza shida yake upesi. Anayeshindwa la kusema katika dakika hiyo ya kwanza hujikuta amekubali bila kuamua kukubali. Uadilifu una ufundi wake, na ufundi huo hujifunzwa kwa kuwatazama waliodumu nao.

Mtu anaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya kaunta na forodha tu, kwamba mhandisi ana mitambo yake na haihitaji kubembelezwa. Tororo inakanusha. Mji huo ulio chini ya mwamba mkubwa umekuwa mji wa saruji tangu enzi za ukoloni, na vilima vya Sukulu vilivyo jirani vina fosfeti ambayo kampuni yenye wataalamu kutoka China ilikuja kuichimba. Tanuri la saruji huchoma mawe ya chokaa na udongo hadi takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi ili kupata klinka, nalo hufanya kazi usiku na mchana, maana kulizima na kuliwasha upya ni gharama. Kwa hiyo saa nyeti kuliko zote ni saa ya kupokezana zamu. Anayeondoka lazima aseme ni kipimo gani kimeanza kuyumba, amefanya nini, na nini hakukimaliza. Mhandisi mpya anayeona haya kumuuliza fundi wa miaka 20, kwa sababu fundi huyo hana shahada, huikosa habari ambayo haimo katika mwongozo wowote. Anayeandika taarifa ya zamu kwa maneno makubwa yasiyosomeka humwachia mwenzake hatari.

Pingamizi dhidi ya hoja hii lipo na lina uzito. Wapo wanaosema kwamba wimbo wa stadi laini huwatwika vijana lawama ya uchumi usiozalisha ajira. Mwaka 2014 magazeti ya kanda yalinukuu sana utafiti wa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki uliosema kwamba wahitimu wasioiva kwa kazi walikuwa asilimia 63 Uganda, 61 Tanzania na 51 Kenya. Takwimu hizo zilitokana na maoni ya waajiri, na mwajiri mwenye waombaji mia kwa nafasi moja ana uhuru wa kumwona kila mmoja na kasoro. Zaidi ya hapo, "hana stadi za mawasiliano" ni kauli inayoweza kuficha mengine: lafudhi yake ni ya kijijini, jina lake si la kwetu, hakusoma shule tunazozijua. Hofu hii ni ya kweli, hasa katika miji yenye makabila mengi, na dawa yake ni kuzipima stadi hizo waziwazi badala ya kuziachia hisia za msaili.

Ushahidi kutoka Uganda unasaidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia vijana zaidi ya 4,000 waliokuwa wanafunzi wa sekondari. Baadhi walipewa mafunzo ya wiki tatu yaliyoelemea hesabu na uendeshaji wa biashara, wengine yaliyoelemea mawasiliano, mapatano na kujitawala. Miaka mitatu na nusu baadaye makundi yote mawili yalikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao wasiofunzwa kwa takriban asilimia 30. Stadi laini hazikushinda zile nyingine, na wanaozipigia debe wakiri hivyo, lakini hazikuachwa nyuma pia. Watafiti Vittorio Bassi na Aisha Nansamba nao waliwapima vijana wa vyuo vya ufundi nchini humo katika ubunifu, mawasiliano, mahudhurio, uaminifu na moyo wa kusaidia, wakawapa baadhi yao vyeti vya kuwaonyesha waajiri. Waliopata kazi wakiwa na vyeti hivyo walilipwa zaidi. Mbali zaidi na hapa, mchumi David Deming alionyesha kwamba kati ya 1980 na 2012 nchini Marekani, kazi zinazodai ushirikiano mkubwa na watu ziliongeza sehemu yao ya ajira kwa karibu pointi 12 za asilimia, ilhali zile za hesabu nyingi na watu wachache zilipungua.

Mpaka huu una vyuo vya kulifanyia kazi jambo hili. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina makao yake katika Wilaya ya Busia ya Uganda na tawi Nagongera wilayani Tororo. Ng'ambo ya pili, katika Kaunti ya Busia, Chuo Kikuu cha Alupe kilipata hati yake mwaka 2022. Wanafunzi watakaovijaza watakuwa wamelelewa katika mitaala ya umilisi: Uganda ilianza wake wa sekondari ya chini mwaka 2020 na kundi la kwanza likafanya mtihani mwaka 2024, Kenya iliuanza wake mwaka 2017. Vijana waliozoea kujadiliana na kufanya miradi wakifika ukumbini na kukuta mhadhiri anasoma maelezo yaleyale, watapoteza walichokuja nacho.

Kuongeza kozi ya "stadi za maisha" yenye mtihani wa maandishi hakutasaidia sana. Kitakachosaidia ni mafunzo kazini kwa kubadilishana: mwanafunzi wa Alupe akakae upande wa Uganda, wa Busitema upande wa Kenya, kwa wakala wa forodha, maabara ya nafaka, ofisi ya biashara au kiwandani Tororo, kwa muda wa kutosha kuonekana amekosea na amejirekebisha. Daftari lake la mafunzo, ambalo leo hujazwa orodha ya kazi alizofanya na kupigwa muhuri, liwe na kurasa za mambo matano au sita yanayoonekana kwa macho: alifika saa ngapi, alimweleza nani jambo gani hadi likaeleweka, taarifa yake ya zamu ilisomwa na nani, mgogoro gani aliusikiliza hadi mwisho. Msimamizi aeleze kwa mifano, na fundi au mfanyabiashara aliyehudumiwa aulizwe pia. Mwanafunzi alipwe nauli na chakula, la sivyo nafasi hizo zitachukuliwa na wenye wazazi wa kuwagharimia. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa ikitumika tangu Julai 2010 na inaruhusu wafanyakazi kuvuka. Mabaraza ya vyuo hivyo viwili yanaweza kuanza na kundi dogo mwaka wa masomo ujao bila kusubiri mkutano mwingine wa Jumuiya huko Arusha.