Chumba cha Uani

Wazazi wa mitaa ya magharibi mwa Nairobi, kuanzia Kilimani na Kileleshwa hadi Lavington na Loresho, huulizana sana siku hizi namna ya kumlea mtoto mwenye utu, atakayehisi machungu ya mwenzake bila kusukumwa. Ni swali jema. Ila katika nyumba nyingi kati ya hizo jibu lake la kwanza limesimama jikoni, linapoza uji wa mtoto. Yaya naye ni mzazi mara nyingi. Wanawe wako kwa nyanya yao Kakamega, Kitui au Siaya, na huwaona Krismasi. Jambo hilo huzungumzwa kama bahati ya mtu binafsi: alizaa mapema, aliachwa, kwao hakuna kitu. Ninavyoona mimi, bahati ina sehemu ndogo sana hapa. Mji huu ulipangwa hivyo, kwa sheria na kwa ramani, mlezi awe huku na wanawe kule, na mzazi asiyeijua historia hiyo ataishia kumfundisha mtoto wake huruma ya kugawa nguo kuukuu.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, kisha serikali ikahamishia makao yake hapa kutoka Mombasa mwaka 1905, kilichotakiwa kwa Mwafrika kilikuwa mikono yake, si jamaa yake. Kodi ya kibanda ilitozwa kwa kila nyumba, na ndani yake mlikuwa na kinaya kichungu: mwanamume aliiacha nyumba ili aweze kuilipia nyumba. Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ikamvika kipande, yaani karatasi iliyotiwa ndani ya kibweta cha chuma na kuning'inizwa shingoni, ikionyesha aliyemwajiri na mshahara aliolipwa. Bwana wake asipotia sahihi ya kumwachilia, alihesabika mtoro. Wasichana nao hawakusalimika. Mojawapo ya malalamiko aliyoyabeba mwanasiasa Harry Thuku ni kwamba wanawake na mabinti walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi, hatua chache kutoka Hoteli ya Norfolk, na mwanamke aliyeitwa Muthoni Nyanjiru akawakemea wanaume kwa kusitasita. Risasi zilipotulia tarehe 16, watu wasiopungua 21 walikuwa wamekufa, Muthoni akiwa mmoja wao. Maandamano hayo hukumbukwa kama mwanzo wa siasa za kudai uhuru, na ni sawa. Mimi nayasoma pia kama kilio cha wazazi.

Ramani ilifanya kazi ambayo sheria peke yake isingeiweza. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza afya ya miji, naye akashauri watu watengwe kwa rangi zao, tauni na malaria zikiwa ndizo hoja. Wazungu wakashika miinuko ya magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu usiotuamisha maji. Wahindi wakapewa sehemu kama Parklands na Ngara. Waafrika wakasukumwa mashariki kwenye udongo mweusi, ambako Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hata hivyo Mzungu wa Kilimani hakuwa tayari kujipikia. Basi Mwafrika akaruhusiwa kulala magharibi kwa sharti moja, kwamba awe mtumishi, na akajengewa chumba uani, nyuma ya jiko, mbali na macho ya wageni. Wengi wa watumishi hao walikuwa wanaume: mpishi, dobi, shamba boi, boi wa nyumbani. Hebu litazame neno hilo, boi. Mtoto wa miaka sita alimwita hivyo mwanamume mwenye umri wa babu yake, baba wa watoto ambao hakuna aliyewahi kuwauliza majina. Nathubutu kusema kwamba hakuna somo la kukosa utu lililofundishwa kwa ufanisi zaidi katika Nairobi, na lilifundishwa mezani, bila ukali wowote, na wazazi waliojiona wapole.

Chumba kile kilikuwa cha mtu mmoja kwa sababu mshahara nao ulikuwa wa mtu mmoja. Huo haukuwa ubahili wa matajiri tu. Serikali yenyewe ilikadiria ujira wa chini mjini kwa mahitaji ya kapera, ikichukulia kwamba mke analima huko kwao na kulisha watoto, yaani shamba la mke ndilo lililokuwa likimfadhili mwajiri wa Nairobi. Mwaka 1954 kamati ya ujira wa Waafrika iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba mpango huo haufai, ikapendekeza ujira upandishwe hatua kwa hatua hadi umtoshe mtu na familia yake. Mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili, Operesheni Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau, ilikuwa imezingira mji, na Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu wakapelekwa vizuizini au wakarudishwa vijijini. Mapendekezo ya karatasini na malori ya askari vilikwenda sambamba. Na kwa mtumishi wa uani malori ndiyo yaliyofika kwanza.

Uhuru ulifuta sheria, haukubomoa nyumba. Mipaka ya mji ilipopanuliwa mwaka 1963, vijiji vya Dagoretti kama Kawangware, pamoja na Kangemi, ambavyo awali vilihesabiwa kuwa ardhi ya akiba ya Wakikuyu, viliingia ndani ya Nairobi. Lavington na vijiji hivyo, vilivyotenganishwa na mpaka wa rangi, sasa vikatenganishwa na barabara tu, na ukisimama asubuhi kwenye Barabara ya James Gichuru utaona miguu ikivuka upande mmoja na magari yakitoka upande wa pili. Familia za Kiafrika zenye uwezo zilinunua nyumba za Lavington na Kileleshwa, na pamoja na nyumba zikarithi chumba cha uani. Wanaume waliopata njia ya viwandani na maofisini waliiacha kazi ya ndani, nafasi yao ikajazwa na wasichana kutoka mashambani. Boi akatoweka, akaja yaya, hausigeli, na katika Sheng mboch, neno ambalo mzazi akilisikia kinywani mwa mwanawe angepaswa kushtuka kuliko anavyoshtushwa na matusi mengine.

Kuna watakaosema kwamba kumpeleka mtoto akaishi na kusaidia katika nyumba ya mwingine ni desturi yetu tangu zamani, haikuletwa na reli. Ni kweli, mtoto wa dada alilelewa kwa mjomba, akachunga na kuchota maji. Ila aliyemchukua alikuwa na deni kwa waliomtoa, na siku ya mahari au ya msiba deni hilo lilitajwa mbele za watu. Chumba cha uani kiliichukua desturi, kikaliacha deni nje ya lango. Wengine watauliza ni mwanamke gani aliyeshikwa mkono akalazimishwa kuja Nairobi, ilhali ujira wake ndio unaolipa karo ya wanawe. Hoja hii ina uzito, na anayetaka yaya wote warudi kwao leo atawaletea njaa. Lakini mtu kuchagua mlango uliobaki wazi hakuthibitishi kwamba milango mingine haikufungwa. Kisha kuna hofu. Tangu video ya Kampala ya mwishoni mwa 2014, iliyomwonyesha mlezi akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo, kamera zimeingia katika sebule nyingi za Afrika Mashariki. Siwezi kumlaumu mzazi kwa hilo; mtoto wa mtu yeyote ni wa kulindwa. Nasema tu kwamba kamera humwona yaya akiwa na mtoto wa mwajiri, na haijatengenezwa ya kumwonyesha yaya mwanawe aliye kijijini.

Pingamizi zito kuliko zote hutoka kwa mama mwajiri mwenyewe, na sioni haki ya kumnyamazisha. Likizo yake ya uzazi ni miezi mitatu. Akirudi kazini hana shangazi wala mkwe wa kumwachia mtoto, na mshahara wake unamezwa na kodi ya nyumba na karo. Hata Kangemi kwenyewe, anayeuza mboga humwajiri msichana wa kushika mtoto. Wote hawa wanaishi katika mji uliojengewa wanaume makapera, na kila mmoja humpunguzia mwenzake uzazi ili auokoe wake. Ndiyo maana wema wa nyumba moja moja, ingawa hauchukizi, hauwezi kuwa mwisho wa jambo. Sheria ya Ajira ya 2007 haimtofautishi yaya na mhasibu: siku moja ya mapumziko kila wiki, siku 21 za likizo kwa mwaka, miezi mitatu ya uzazi kama ya mwajiri wake. Mtoto anayemwona mama yake akipanga safari ya familia kwa kuzingatia likizo ya yaya, badala ya yaya kuipata likizo familia ikishasafiri, amejifunza kitu ambacho hotuba ya shuleni haitamfunza.

Nyumba za zamani za Kileleshwa zimekwisha bomolewa kwa wingi, na ghorofa zimepanda mahali pake. Mchoraji wa majengo alikuwa na nafasi ya kuanza upya. Tazama tangazo lolote la nyumba hizo mpya: vyumba vitatu vya kulala, pamoja na DSQ, yaani makao ya mtumishi wa nyumbani. Chumba anacholala mlezi wa watoto hakijumlishwi katika vyumba vya kulala.