Kufungua dramu ya breki iliyoganda kwenye trekta la zamani

Dramu ya breki ni chuma cha kusubu chenye umbo la sufuria pana. Hufunika viatu vya breki na huzunguka pamoja na gurudumu. Kwenye Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964 na ambalo hadi leo hukutwa kazini Tanzania, dramu ziko magurudumu ya nyuma tu, kipenyo inchi 14, na kila upande una pedali yake. Dereva hukanyaga pedali moja ili kukata kona mwisho wa shamba. Aliyezoea kukatia kona upande uleule huimaliza breki ya upande huo mapema, na fundi huyaona hayo akishafungua.

Nchi ya mpunga huzitesa breki hizi. Kilangali, wilayani Kilosa, ambako Wakala wa Mbegu za Kilimo una shamba la kuzalisha mbegu, trekta hulima udongo wa mbuga uliolowa. Tope na maji hupenya nyuma ya dramu. Kazi ikiisha, trekta huegeshwa miezi kadhaa, pengine breki ikiwa imefungwa, na kutu hufanya kazi yake bila haraka.

Nyundo hutangulia mno katika kazi hii. Kabla ya kuishika, fundi ajue kinachoishikilia dramu. Trekta likiwa limeinuliwa na gia iko huru, azungushe gurudumu kwa mkono. Likigoma kabisa, huenda viatu vimeshikana na dramu kwa kutu. Likizunguka vizuri lakini dramu haichomoki hata kidogo baada ya gurudumu kutolewa, kutu iko katikati, pale tundu la dramu linapokaa kwenye bega la habu. Dramu ikitoka kidogo kisha ikanasa, chanzo ni ukingo: viatu vimeila dramu kwa ndani vikachimba mfereji, na mdomo wake ambao haukuguswa umebaki mwembamba kuliko tumbo.

Kuinua nako kuna hatari zake. Magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi, jeki ikae chini ya nyumba ya ekseli, na kigogo kigumu kibebe uzito, kwa sababu jeki si ya kuaminiwa peke yake. Matairi ya nyuma mara nyingi hujazwa maji ili trekta lisiteleze. Tairi lenye zaidi ya lita 100 za maji likimwangukia spanaboi, si jambo la kusimulia kwa kicheko.

Gurudumu likitoka, hutafutwa skrubu mbili za kichwa bapa zinazoibana dramu kwenye habu. Hizi husahauliwa kwa kuwa tope na rangi huzifunika, na mtu hugonga mchana kutwa kitu ambacho bado kimefungwa. Bisibisi ya kugonga huzilegeza. Bisibisi ya kawaida hula vichwa vyake tu. Kisha viatu virudishwe ndani kwa kulegeza kirekebishi cha breki. Ukingo ulionasa huhitaji hilo tu, na anayeruka hatua hii akavuta kwa nguvu huvunja springi na pini.

Kutu ya habu huhitaji subira. Mafuta ya kulegeza kutu yapakwe kuzunguka bega na kwenye misumari ya gurudumu, yaachwe usiku kucha. Kesho yake uso wa dramu ugongwe kwa nyundo kati ya msumari na msumari, huku dramu ikizungushwa. Ukingo wa nje usiguswe, maana chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka. Ikigoma bado, joto la gesi lipitishwe kuzunguka tundu la katikati hadi dramu itanuke kuliko habu. Mafuta yote yafutwe kwanza, wala chuma cha moto kisimwagiwe maji. Pula ni ya mwisho: ivute polepole huku nyundo ikisaidia.

Vumbi la ndani lisipulizwe kwa kompresa. Viatu vya enzi hizo huenda vina asbesto, ambayo huharibu mapafu; lilowanishwe, lifutwe kwa kitambaa, kitambaa kitupwe. Oili ikionekana ndani, sili ya ekseli imechoka, na viatu vipya vitalowa tena isipobadilishwa.

Wakati wa kurudisha, bega la habu lisuguliwe kwa brashi ya waya na lipakwe grisi nyembamba, mbali na viatu. Dramu yenye ukingo ipelekwe kwa mchonga vyuma auondoe, isipokuwa kama kuta zimebaki nyembamba mno. Kisha pedali mbili zifungwe pamoja, trekta lijaribiwe polepole mahali tambarare: likivutwa upande mmoja, upande wa pili urekebishwe. Nati za gurudumu zikazwe tena baada ya saa chache za kazi.