Tarakimu Mbili Baada ya Nukta

Charles Eliot aliposhika urais wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1869, alitaka wanafunzi wa udaktari wafanye mitihani ya kuandika. Profesa wa upasuaji, Henry Bigelow, akampinga kwa hoja ambayo leo inachekesha: zaidi ya nusu yao hawajui kuandika sawasawa. Hakuwa anatania. Enzi hizo kijana wa Kimarekani aliyetaka kuwa daktari alinunua tiketi za mihadhara, akasikiliza vipindi viwili vya miezi michache, cha pili mara nyingi kikiwa marudio ya cha kwanza, kisha akaondoka na cheti. Alama zake za sayansi hakuna aliyeziuliza, maana hakuwa nazo.

Aliyeubana mlango hakuwa profesa. Alikuwa Mary Elizabeth Garrett, binti wa tajiri wa reli mjini Baltimore. Shule ya tiba ya Johns Hopkins ilikuwa imekwama kwa ukata, naye akatoa zaidi ya dola 300,000 kwa masharti: wanawake wapokelewe sawa na wanaume, na kila anayeingia awe na shahada ya kwanza, awe amesoma biolojia, kemia na fizikia, na aweze kusoma Kifaransa na Kijerumani. Shule ikafunguliwa mwaka 1893. William Osler, mmoja wa maprofesa waanzilishi, alimtania mwenzake William Welch kwamba bahati yao wameingia kama walimu; kama wanafunzi wasingepita.

Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu wa shule kutoka Kentucky ambaye hakuwahi kusomea udaktari, alitoa ripoti juu ya shule 155 za tiba za Marekani na Kanada. Kipimo chake kilikuwa Hopkins. Shule nyingi zikafungwa katika miaka iliyofuata. Kati ya saba zilizosomesha Wamarekani Weusi alishauri zibaki mbili tu, Howard na Meharry, na ndizo zilizobaki. Masharti ya sayansi yaliwaondoa matapeli wengi, hilo halina ubishi. Lakini hayakuwaondoa matapeli peke yao.

Sayansi ilipokwisha kuwa sharti, likaja swali la nani kaisoma vizuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jumuiya ya vyuo vya tiba, AAMC, ilikuwa imeanzisha huduma moja ya kupokea maombi, AMCAS. Hesabu yake ya leo si ngumu. A ni 4.0, A- ni 3.7, B+ ni 3.3, na kuendelea kushuka. Kila alama inazidishwa kwa krediti za somo, kisha jumla inagawanywa kwa krediti zote. Hapo hupatikana GPA ya masomo yote, na pembeni yake GPA ya sayansi, yenye masomo manne tu: biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Aliyepitia PCB (fizikia, kemia na biolojia) sekondari atautambua mchepuo wake, hisabati ikiwa imeongezwa.

Ugumu uko kwenye kuamua somo lipi liingie. Takwimu inaingia, kama hisabati. Saikolojia iko nje. Uhandisi nao uko nje, hata kama mhandisi amekesha na milinganyo kuliko aliyesoma botania.

Mhandisi mmoja ndiye aliyezifanya tarakimu hizi zijulikane nchi nzima. Mwaka 1973 Allan Bakke, mwenye umri wa miaka 33 na mfanyakazi wa NASA, aliomba kuingia shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha California, Davis. Akakataliwa. Akaomba tena mwaka 1974, akakataliwa tena. Kati ya nafasi 100 za shule hiyo, 16 zilitengewa waombaji wa jamii za wachache. Bakke akashtaki, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu.

Katika hukumu ya Juni 1978 mna tanbihi yenye jedwali. GPA ya sayansi ya Bakke ni 3.44. Wastani wa walioingia kwa zile nafasi 16 mwaka 1973 ni 2.62. Wanaosimulia kesi hii hupenda kuishia hapo, wakati wastani wa walioingia kwa njia ya kawaida mwaka huohuo umeandikwa palepale: 3.51. Bakke alikuwa chini yao. Mwaka uliofuata wastani huo ulishuka hadi 3.36, akawa juu yao, na bado hakupata. Kwa jumla ya vigezo vyote, usaili ukiwemo, mwaka 1973 alipata 468 kati ya 500. Ombi lake lilikamilika kwa kuchelewa, na kuanzia hapo hakuna wa njia ya kawaida aliyechukuliwa akiwa chini ya 470. Nafasi nne kati ya zile 16 zilikuwa bado wazi.

Majaji watano dhidi ya wanne waliamuru apokelewe. Akahitimu mwaka 1982, akawa daktari wa usingizi.

Kanuni zenyewe ziliendelea kugombana. Kwa AMCAS, aliyepata C ya kemia, akarudia na kupata A, hubeba zote mbili: krediti zikilingana, anapata 3.0. Vyuo vya osteopathia, ambavyo pia hutoa madaktari kamili Marekani, vilikuwa vikihesabu alama ya marudio tu, yaani 4.0. Mtu yuleyule, kemia ileile, pengo la pointi nzima. Mwaka 2017 navyo vikaiacha kanuni hiyo.

Na aliyesoma shahada yake Dar es Salaam au Nairobi? AMCAS haizigeuzi alama za vyuo vya nje ya Marekani na Kanada. Hata awe na 4.8 katika mizani ya 5 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapati GPA ya sayansi, na vyuo vingi vya tiba humtaka kwanza akasome sayansi katika chuo cha Marekani au Kanada.