Zulia la gari na kutu: Kinga ya sakafu kwa magari ya Kilosa na Mikumi

GARI linalofanya kazi kati ya Mikumi na Kilosa, mkoani Morogoro, wakati wa masika hurudi nyumbani na shehena ambayo dereva hakuipakia. Ni tope lililoingia na viatu vya abiria, maji yaliyopenya mpira wa mlango wakati wa kuvuka kijito, na vumbi la kiangazi lililokuwa likisubiri unyevu. Vyote hivyo huishia mahali pamoja: chini ya zulia.

Zulia la gari lilibuniwa kwa ajili ya barabara ya lami. Juu lina nyuzi, na chini yake kuna pedi nene ya kupunguza kelele na joto linalotoka kwenye injini na giaboksi. Pedi hiyo hunyonya maji na kuyashikilia. Jua la siku mbili hukausha uso wa zulia na mwenye gari huamini kuwa kazi imekwisha, ilhali bati la sakafu linaweza kuendelea kulowa kwa wiki kadhaa. Kutu haihitaji zaidi ya hapo.

Ndiyo maana wapo wamiliki wa magari ya porini wanaong'oa zulia na kuipaka sakafu rangi nzito ya kinga, kama ile inayopakwa kwenye sehemu ya mizigo ya pikapu. Uamuzi huo una faida, lakini ukitekelezwa kwa pupa huweza kuliharibu gari kuliko zulia lenyewe.

Mazingira ya Kilosa yanaeleza sababu. Njia ya kutoka Mikumi hadi Kilosa kupitia Ulaya kwa miaka mingi ilijulikana kwa tope lake. Katika tambarare ya Mkata, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, upo udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukilowa huganda kwenye gurudumu, kwenye kiatu na hata kwenye pedali ya breki. Mji wa Kilosa nao umekaa kando ya Mto Mkondoa. Katika mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, mto huo uliacha maelfu ya watu bila makazi, na Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe ikaharibika vibaya. Gari lililowahi kuzama katika maji ya aina hiyo haliponi kwa kuoshwa na kuanikwa tu, kwa sababu maji ya mafuriko huacha matope laini ndani ya kila mkunjo wa bati.

Si kila gari linahusika. Toyota Land Cruiser za kazi za mfululizo wa 70 kwa kawaida hutoka kiwandani na sakafu ya vinaili, isiyonyonya maji. Hata hivyo, vinaili nayo ina pedi chini yake, na maji yakipita pembeni hali huwa ileile. Wanaoathirika zaidi ni wenye magari ya starehe yaliyotumika Japani, kama Prado, Pajero na Hilux Surf, ambayo huingia nchini yakiwa na zulia la sebuleni na kupelekwa shambani kubeba magunia ya mahindi na mbuzi.

Land Rover Defender ya zamani, ambayo uzalishaji wake ulikoma Januari 2016, ina tatizo la namna yake. Sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu, lakini chesisi na sehemu ya mbele ya kuwekea miguu ni chuma. Mahali metali hizo mbili zinapogusana huku zikiwa na tope bichi, aluminiamu huliwa na kuacha unga mweupe. Mwenye Defender anayetafuta kutu nyekundu peke yake ataona nusu ya ugonjwa.

Kazi ya kwanza, kabla ya kuulizia bei ya rangi, ni kung'oa viti na zulia lote na kuitazama sakafu. Katika magari yenye mifuko ya hewa ndani ya viti, betri hutenganishwa kwanza na kuachwa kwa dakika kadhaa kabla plagi za chini ya kiti hazijaguswa. Waya nyingi hupita chini ya zulia, na baadhi ya magari huwa na kompyuta yake hapo hapo. Hizo hufungwa kwenye nailoni au kusogezwa, kamwe zisipakwe rangi.

Bati hugongwa kwa mpini wa bisibisi. Mahali panapotoa sauti butu au kubonyea pameoza. Hapa ndipo penye suala la uhai: viti na mikanda ya usalama hushikiliwa na bolti zilizofungwa kwenye sakafu hiyo hiyo. Bati likioza pembeni mwa bolti, mkanda unaweza kung'oka pamoja na kipande cha sakafu siku ya ajali, hata kama wenyewe ni mpya. Sehemu hizo hukatwa na kuchomelewa bati jipya lenye unene wa kutosha. Kuziba tundu kwa puti kisha kupaka rangi nzito juu yake ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na bahati mbaya ni njia nyepesi mno kumvutia fundi mwenye haraka na mteja asiyetaka kutoa fedha.

Kutu ya juujuu husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae. Vipande vya lami vilivyobandikwa kiwandani kuzuia mtikisiko vikishikilia imara huweza kubaki. Vilivyoachia hubanduliwa, maana maji hukaa chini yake. Mafuta na grisi hufutwa kwa tina, chuma kilicho wazi hupakwa praima ya epoksi, na hapo tu ndipo kinga yenyewe hufuata. Rangi nzito haishiki kwenye bati laini, kwa hiyo hata rangi nzima ya kiwandani hukwaruzwa kwa msasa.

Kinga zinazodumu zaidi ni za poliurethani zenye sehemu mbili, rangi na hadina. Za kupaka kwa rola huacha tabaka jembamba na zinafaa gereji ya kawaida. Za kupulizwa kwa mashine huweza kufikia milimita 1.5 hadi 3. Zote hazipendi maji. Hadina ikikutana na unyevu hutoa gesi, na gesi hiyo huacha mapovu na vitundu ambavyo baadaye hupitisha maji hadi kwenye chuma. Kupaka asubuhi yenye umande, au katikati ya mvua za Aprili, ni kuharibu fedha. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho kinachofaa.

Hatari nyingine haimhusu mwenye gari bali fundi. Hadina hiyo huwa na kemikali za isosianeti, ambazo mvuke na ukungu wake husababisha pumu ya kudumu, na mtu aliyekwisha kudhurika huweza kupata shambulio kwa kiasi kidogo sana. Kitambaa puani au barakoa ya vumbi haizuii kitu. Anayepuliza huhitaji kifaa cha kumletea hewa safi kutoka nje. Anayetumia rola huhitaji barakoa ya kemikali, glovu na milango yote wazi.

Nyuzi za bolti, reli za viti na mahali waya hasi wa betri unapofungwa kwenye bodi huzibwa kwa tepu kabla ya kupaka. Matundu ya kutolea maji sakafuni nayo hayazibwi kwa rangi. Vizibo vyake vya mpira ndivyo vitakavyofunguliwa siku gari likiingia maji.

Hasara zipo. Bila zulia, mlio wa giaboksi na joto lake humfikia dereva moja kwa moja, na kwa gari linalokwenda Dar es Salaam kila wiki, safari ya takribani kilomita 300 kutoka Mikumi, jambo hilo huchosha. Gari la namna hiyo ni afadhali libaki na zulia lake, liwekewe mikeka ya raba yenye kingo, na zulia linyanyuliwe kukaushwa kila baada ya kulowa. Hata kwenye sakafu iliyopakwa kinga, mikeka ya raba inayotoka kirahisi hupunguza joto, mradi isigundishwe kwa gamu.

Baada ya hapo sakafu hufagiliwa na kufutwa kwa kitambaa kibichi. Maji ya bomba yenye nguvu hayafai, kwani waya na swichi bado zipo. Mkwaruzo wowote uliofika kwenye chuma husuguliwa, hupakwa praima na kufunikwa upya kabla ya mvua za Machi.